Kupiga Shauri na Kukata Shauri: Juu ya Maneno ya Ushiriki wa Wafanyakazi katika Uongozi wa Makampuni

I

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ihusuyo tafsiri ya sheria, na Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo kazi ya kuzitia sheria za nchi katika Kiswahili si haja ya wapenzi wa lugha peke yao, bali ni wajibu. Miongoni mwa sheria hizo zimo zile za kazi na ajira, na ndani yake limo jambo ambalo kwa muda wa miaka mia na zaidi limeyasumbua mataifa mengi yenye viwanda, nalo ni hili: mfanyakazi ana fungu gani katika kuiongoza kampuni anayoitumikia?

Katika makala haya nakusudia kulitazama jambo hilo kwa upande wa maneno yake. Sitaamua kama ni vema wafanyakazi wakae katika bodi au wasikae. Hilo ni la wanasiasa na wachumi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba neno letu la siku hizi, ushiriki, limebeba mambo kadha wa kadha yasiyofanana. Kwamba nchi nyingine zimejaribu kuyatenga mambo hayo kwa sheria, nyingine zikafaulu na nyingine zikashindwa. Na kwamba Kiswahili tangu zamani kina semi mbili, kupiga shauri na kukata shauri, ambazo zaonyesha wazi tofauti iliyo kubwa kuliko zote. Adhaniye kwamba hii ni mizaha ya wanasarufi na amfikirie mtu aliyeambiwa kwamba hapana atakayepunguzwa kazini mpaka chama cha wafanyakazi kishirikishwe, kisha akapunguzwa, na alipokwenda kudai akaonyeshwa kwamba sheria haikuvunjwa hata kidogo.

II. Neno lenyewe

Kitenzi kushiriki ni cha asili ya Kiarabu, na jamaa zake katika Kiswahili ni wengi: shirika, ushirika, mshiriki, na katika mambo ya dini, shirki. Maana iliyo ndani ya yote ni kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwingine. Lakini kitenzi chenyewe hakisemi fungu hilo ni kubwa kiasi gani, wala ni la namna gani. Jirani aliyekuja kula pilau ameshiriki katika arusi, na bwana arusi naye ameshiriki. Kitenzi ni kimoja, ila mmoja wao ndiye aliyefunga ndoa.

Utata huu wazidi tunapoingia katika kauli za kitenzi. Siku hizi neno litumikalo sana katika maandishi ya ofisi si ushiriki, bali ushirikishwaji. Tulichambue. Kushirikisha ni kauli ya kutendesha: yuko mtu amfanyaye mwingine ashiriki. Kushirikishwa ni kauli ya kutendwa iliyojengwa juu ya ile ya kutendesha. Basi katika sentensi "Meneja amewashirikisha wafanyakazi", mtenda ni meneja, na wafanyakazi ni watendwa. Tukisema "Wafanyakazi wameshirikishwa", meneja hatajwi tena, lakini mkono wake ungali ndani ya kitenzi. Hata mtu asiyejua sheria yoyote aweza kuona, kwa sarufi tu, kwamba aliyeshirikishwa amefunguliwa mlango na mwingine, na aliyeufungua aweza kuufunga.

Neno la pili ni kushauriana. Hapa kauli ni ya kutendana, na kauli ya kutendana hutia moyoni mwa msikilizaji fikira ya usawa, kama katika kupendana na kusaidiana. Isitoshe, katika mazungumzo yetu ya kila siku mtu akisema, "Tulishauriana na mke wangu tukauza shamba", msikilizaji huelewa kwamba wote wawili waliridhika. Kukubaliana kumeingia kimyakimya ndani ya kushauriana. Lakini katika sheria za kazi za karibu nchi zote, mwajiri aliyeamriwa kushauriana hakuamriwa kukubaliana. Ametakiwa aeleze kusudi lake, asikilize majibu, ayafikiri kwa moyo safi. Akiisha kufanya hayo, neno la mwisho ni lake. Hivyo watu wawili husoma kifungu kimoja, mwanasheria akaelewa jambo moja na mfanyakazi jambo jingine, na wote wawili wana haki kwa Kiswahili walichozoea.

III. Daraja nne

Ili tusipotee njiani, yafaa tuzipange namna za ushiriki katika daraja nne.

Daraja ya kwanza ni kuarifiwa: wafanyakazi hupashwa habari za kampuni, mathalan hesabu zake na makusudio yake. Daraja ya pili ni kushauriwa: kabla ya jambo kufanywa, maoni yao hutakwa. Daraja ya tatu ni kuamua pamoja: jambo halifanyiki mpaka pande zote mbili zikubali, au mpaka mtu wa kati awaamue. Daraja ya nne ni kujiendesha: wafanyakazi wenyewe ndio wenye mamlaka ya juu katika kampuni, na meneja ni mtumishi wao.

Kati ya daraja hizi, mpaka mkubwa ni ule ulio baina ya ya pili na ya tatu, nao ndio mpaka ambao wazee wetu waliuwekea maneno. Kupiga shauri ni kuketi na kulipima jambo kwa maneno. Kukata shauri ni kulimaliza. Watu wengi waweza kupiga shauri na mmoja akalikata. Hata methali zetu zasimama pande mbili za mpaka huo. Asemaye "Panapo wengi hapaharibiki neno" asifu kupiga shauri. Asemaye "Manahodha wengi, chombo huenda mrama" aonya juu ya kukata. Methali hizi hazipingani kama zionekanavyo, maana kila moja yasema juu ya kitendo chake.

Yapasa pia kuutenga ushiriki wa mapato. Katika uvuvi wa pwani yetu, samaki au bei yake aghalabu hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Huo ni ubia, na baharia ni mbia kwa haki. Lakini chombo kikiwa baharini, nahodha ndiye asemaye tanga litwekwe au lishushwe. Kadhalika kampuni yaweza kuwapa wafanyakazi sehemu ya faida, au hata hisa chache, bila ya kuwapa kauli yoyote katika uongozi. Fungu la mali na fungu la kauli ni vitu viwili.

IV. Ujerumani

Nchi iliyotenga daraja hizi kwa uangalifu mwingi ni Ujerumani. Katiba ya Weimar ya 1919 iliahidi mabaraza ya wafanyakazi, na sheria ya 1920 ikayaunda mahali pa kazi. Mwaka 1934 utawala wa Nazi uliyafuta. Baada ya vita mabaraza yalirudi, na mwanzoni mwa 1951 wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya chuma walipotishia kugoma, Kansela Konrad Adenauer na Hans Böckler, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, walipatana, na sheria ikatoka mwaka huo huo.

Kwa sheria hiyo ya 1951, kampuni ya makaa au ya chuma yenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 huwa na bodi ya usimamizi ambamo wajumbe wa wenye mali na wajumbe wa wafanyakazi wako sawasawa kwa idadi, na mtu mmoja wa kati huongezwa ili kura zisifungane. Sheria ya 1976 iliyahusu makampuni makubwa ya kazi nyingine, yenye watu zaidi ya 2,000. Humo pia bodi ni nusu kwa nusu; lakini kura zikifungana, mwenyekiti ana kura ya pili, na pande mbili zisipopatana juu ya mwenyekiti, wenye mali ndio wamchaguao. Waajiri walikwenda Mahakama ya Katiba kuipinga sheria hii. Mwaka 1979 mahakama iliikubali, na moja ya hoja zake ilikuwa kwamba neno la mwisho lilikuwa bado mikononi mwa wenye mali. Tazama jinsi kura moja ilivyotenganisha vitu viwili ambavyo kwa macho ya mpita njia ni kimoja. Katika makampuni yenye watu zaidi ya 500 yasiyofika 2,000, wafanyakazi wana theluthi ya bodi; theluthi hujua yote na husema yote, lakini haiwezi kuzuia.

Mbali na bodi, kila mahali pa kazi penye angalau watu watano waweza kuchagua baraza, na sheria ya 1972 yaeleza mamlaka yake jambo kwa jambo. Mwajiri akitaka kubadili saa za kuanza na kumaliza kazi, au kuweka mtambo wa kuchungulia mwenendo wa wafanyakazi, hana budi kupata ukubali wa baraza. Wasipopatana, kamati ya upatanisho hulikata jambo lao. Akitaka kumwachisha mtu kazi, ni lazima alisikilize baraza kwanza, na asipolisikiliza, barua ya kumwachisha haina nguvu. Lakini akiisha kulisikiliza, aweza kuendelea ijapokuwa baraza limekataa, na mfanyakazi hubaki na haki yake ya kwenda mahakamani.

Kwa mambo haya Wajerumani wana maneno matatu yasiyochanganywa ndani ya kifungu. Anhörung ni kusikiliza, nalo latokana na kitenzi cha kusikia. Beratung ni kushauriana. Mitbestimmung ni kuamua pamoja: mit ni "pamoja na", na bestimmen ni "kuamua". Kweli katika magazeti na mazungumzo neno Mitbestimmung hutumika kwa mfumo wote, kama sisi tutumiavyo ushiriki. Lakini wakili na mjumbe wa baraza wafunguapo kitabu cha sheria, kila mmoja ajua neno lipi lampa nguvu ya kuzuia na lipi lampa nafasi ya kusema tu.

V. Yugoslavia

Daraja ya nne ilijaribiwa kwa upana zaidi huko Yugoslavia, nchi ambayo sasa haiko tena. Baada ya kuachana na Urusi ya Kisovieti mwaka 1948, viongozi wake walitafuta njia yao wenyewe ya ujamaa. Mwezi wa Juni 1950 ilitoka sheria iliyoviweka viwanda vya serikali chini ya wafanyakazi wake. Kila kiwanda kilichagua baraza la wajumbe kati ya 15 na 120. Kikiwa na watu wasiozidi 30, wote walikuwa ndio baraza. Baraza lilichagua kamati ya uendeshaji, na mkurugenzi aliziendesha kazi za kila siku.

Jina la mpango huo lilikuwa samoupravljanje: samo ni "wenyewe", na upravljanje ni "kuendesha". Hapana neno lililo wazi kuliko hilo. Hata hivyo watafiti wa nchi hiyo hiyo, walipoyachunguza mabaraza, waliona kwamba mara nyingi wakurugenzi na wataalamu ndio walioleta mapendekezo, na baraza likayapitisha. Wenye elimu na wenye hesabu mikononi walipiga shauri peke yao, na wengi wakaitwa kuja kulikata bila ya kuwa wamelipima. Basi twaona kwamba kosa laweza kwenda upande wa pili pia: mtu aweza kupewa haki ya kukata shauri asilolielewa, na haki hiyo ikawa muhuri tu. Mwezi wa Januari 1958 wachimba makaa wa Trbovlje, katika Slovenia, waligoma, ijapokuwa kwa maneno ya sheria machimbo yalikuwa chini ya uongozi wao wenyewe. Mpango huo ulivunjika mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla tu ya nchi yenyewe kuvunjika.

Mwanafunzi wa lugha ataona jambo moja la ajabu hapa. Baraza la kiwanda katika Ujerumani huitwa Betriebsrat, na Rat ni neno moja lenye maana mbili, ushauri na baraza. Katika Yugoslavia liliitwa radnički savet, na savet ni ushauri na ni baraza. Neno la Kirusi sovet, lililowapa Wasovieti jina lao, ni hivyo hivyo. Na sisi, katika neno halmashauri, twalisikia shauri waziwazi. Yaonekana kwamba watu wa lugha mbalimbali walipotaka jina la kikao cha watu wengi walichukua jina la kazi yake ya kwanza, yaani kupeana mawazo. Kwamba kikao hicho chaweza pia kukata, jina halisemi. Betriebsrat ni "baraza la ushauri" kwa asili ya jina, na bado laweza kumzuia mwajiri asibadili saa za kazi.

VI. Swideni, Uingereza na Ufaransa

Kinyume cha hayo chapatikana Swideni. Sheria yao ya 1976, iliyoanza kutumika Januari 1977, huitwa sheria ya medbestämmande, neno lililojengwa kama lile la Kijerumani, yaani kuamua pamoja. Lakini ukiisoma utaona kwamba nguvu yake kubwa ni kumlazimisha mwajiri aanze mazungumzo na chama cha wafanyakazi kabla ya kuamua mabadiliko makubwa. Wasipopatana mahali pa kazi, mazungumzo hupelekwa juu, baina ya chama cha taifa na waajiri; wasipopatana huko pia, kwa sehemu kubwa mwajiri aweza kuendelea na kusudi lake. Jina limesema kukata. Kifungu kimesema kupiga. Ikiwa mambo yameendelea vizuri huko, si kwa sababu ya jina, bali kwa sababu vyama vya wafanyakazi vya Swideni vina wanachama wengi, na mwajiri ajua kwamba atakutana nao tena kesho.

Waingereza walishika njia ya kushauriana tangu kamati ya J. H. Whitley ilipotoa taarifa zake mnamo 1917 na 1918, ikapendekeza mabaraza ya pamoja ya waajiri na wafanyakazi. Mwaka 1977 kamati iliyoongozwa na mwanahistoria Alan Bullock ilipendekeza kwamba katika makampuni yenye watu 2,000 au zaidi, wenye hisa na wafanyakazi wawe na wajumbe sawasawa katika bodi, na kundi dogo la tatu liongezwe kati yao. Waajiri walipinga kwa nguvu. Lakini lipasalo kukumbukwa ni kwamba hata vyama vya wafanyakazi havikuwa na kauli moja, maana wako viongozi waliosema kwamba mtu hawezi kuketi upande huu wa meza asubuhi akiamua, kisha jioni akaketi upande wa pili akidai. Pendekezo halikuwa sheria. Kanuni za uongozi wa makampuni za 2018 ziliwapa wakurugenzi nafasi ya kuchagua: kumwingiza mfanyakazi katika bodi, au kuunda kamati ya ushauri, au kumteua mkurugenzi mmoja asikilize maneno ya wafanyakazi. Katika njia hizo tatu ni ya kwanza tu iwezayo kufika daraja ya kukata. Nazo zote zimewekwa sawa chini ya kanuni moja.

Huko Ufaransa kamati za kampuni ziliundwa kwa amri ya Februari 1945, na tangu 2017 mahali pake pamechukuliwa na kamati mpya zilizounganisha vyombo vya zamani. Huko mpaka ulipita katikati ya kamati yenyewe: katika mambo ya hali njema, kama kantini na mapumziko ya watoto, kamati iliendesha yenyewe, katika mambo ya uchumi wa kampuni, ilishauriwa tu. Yaani watu wale wale, katika chumba kile kile, walikata shauri la chakula wakapiga shauri la mtaji.

VII. Afrika ya Kusini na Tanzania

Katika bara letu, sheria iliyotenga mambo haya kwa uwazi ni ile ya mahusiano ya kazi ya Afrika ya Kusini ya 1995. Iliruhusu kuundwa kwa mabaraza mahali pa kazi penye watu zaidi ya 100, na ikaweka orodha mbili: mambo ambayo mwajiri hana budi kushauriana na baraza, na mambo ambayo hana budi kuamua pamoja nalo, kama kanuni za nidhamu. Sheria ilikuwa wazi, lakini mabaraza yaliyoundwa ni machache, maana vyama vya wafanyakazi viliogopa kwamba baraza lingekula nguvu ya chama. Kumbe maneno mazuri peke yake hayatoshi, ikiwa hapana aliye tayari kuyatumia.

Tanzania ina historia yake ndefu. Sheria ya 1964 juu ya usalama wa ajira iliunda kamati za wafanyakazi, zilizohusika hasa na nidhamu na kuachishwa kazi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na kutaifishwa kwa makampuni mengi, swali likawa kubwa zaidi: ikiwa kiwanda ni cha umma, je, mfanyakazi aliye ndani yake ni nani? Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 ulijibu kwa kuagiza Mabaraza ya Wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Baraza lilikuwa na meneja, wakuu wa idara, wajumbe wa tawi la TANU na wa kamati ya wafanyakazi, pamoja na wajumbe waliochaguliwa. Liliweza kuzungumza mipango, masoko, ubora wa kazi na mishahara. Lakini kazi yake ilikuwa kutoa ushauri. Kukata kulibaki kwa uongozi na bodi.

Mwaka uliofuata TANU ilitoa Mwongozo wa 1971, uliowakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Hapo ndipo tuonapo maneno yakifanya kazi nje ya karatasi. Wafanyakazi waliusoma Mwongozo kwa Kiswahili, lugha yao wenyewe, wakauchukua kama ulivyosema. Kuanzia 1971 hadi 1973 kazi ilisimamishwa katika viwanda kadhaa, na mara nyingi madai hayakuwa ya mshahara, bali ya ubezi na matusi ya mameneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda wakakiendesha wenyewe. Waraka wa 1970 uliwapa kupiga shauri. Wao, kwa kuusoma Mwongozo, walielewa kwamba sasa wanaweza kukata. Mtu aweza kusema walikosea au walipatia, lakini hawezi kusema kwamba hawakujua kusoma.

Mabaraza ya wafanyakazi yangaliko hata leo katika wizara na taasisi za umma. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, atoe habari zote zihusikazo, na ashauriane juu ya sababu, juu ya njia za kuepuka au kupunguza idadi, na juu ya jinsi ya kuwachagua watakaoondoka. Wasipopatana, jambo huenda kwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hapa daraja ya kwanza na ya pili zimeandikwa vizuri. Ya tatu haimo. Ni haki ya thamani, maana kushauriana kabla ya barua kuandikwa kumeokoa kazi nyingi duniani. Lakini ni haki nyingine, si ile ambayo wengi huifikiria walisikiapo neno.

VIII. Maneno yafaayo

Basi mfasiri wa sheria afanye nini? Napendekeza kwamba kila daraja ipewe kitenzi chake, na kitenzi hicho kisibadilishwe ndani ya sheria moja kwa ajili ya utamu wa lugha. Katika hadithi kurudia neno ni uchovu. Katika sheria kubadili neno ni hatari.

Kwa daraja ya kwanza, kuarifu chatosha. Kwa daraja ya pili, kushauriana kimekwisha kuota mizizi, nacho chaweza kubaki, mradi sheria iseme waziwazi katika kifungu hicho hicho kwamba mwajiri akiisha kushauriana aweza kuamua. Kimya hapo ndicho kidanganyacho. Pengine kutaka shauri la wafanyakazi kingekuwa kitenzi cha kweli zaidi, kwa kuwa hakidai usawa usiokuwapo. Kwa daraja ya tatu, tuseme kukata shauri pamoja, au, palipo na haja ya jina, uamuzi wa pamoja. Kwa daraja ya nne, kujiendesha. Na ushirikishwaji? Neno hilo lafaa kichwani mwa sura, penye kutaja mambo yote kwa jumla. Ndani ya kifungu kinachompa mtu haki, halifai.

Najua kwamba pendekezo hili laweza kupingwa. Wa kwanza atasema kwamba shauri mahakamani ni kesi, na kukata shauri kutasikika kama kazi ya hakimu. Hoja hii ina uzito. Lakini hata kuamua kina taabu hiyo hiyo: maana yake ya zamani ni kuwatenga watu wanaogombana, na ndiyo iliyobaki katika jina la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambapo uamuzi ni hukumu ya mtu wa kati. Lugha haina neno lisilo na jamaa. Kazi ya fasili iliyo mwanzoni mwa sheria ni kusema ni jamaa yupi aliyekusudiwa.

Wa pili atasema kwamba Swideni yaonyesha jina si kitu, na kwamba nguvu ya chama ndiyo kila kitu. Hilo ni kweli nusu. Pale ambapo chama kina nguvu, neno lenye utata hujazwa na nguvu hiyo. Pale ambapo chama ni dhaifu, neno lile lile hujazwa na mwajiri. Kwa hiyo wanaohitaji neno lililo wazi ni wale wasio na kitu kingine cha kushika.

Msomaji wa kifungu chochote cha ushiriki, awe wa Kiswahili au wa lugha nyingine, aweza kukipima kwa swali moja tu: wafanyakazi wakikataa, je, jambo lasimama au laendelea? Likisimama, wamepewa kukata shauri. Likiendelea, wamepewa kupiga shauri. Kifungu kisichojibu swali hilo hakijamaliza kutafsiriwa, hata kama kila neno lake ni Kiswahili fasaha. Kwa sasa kazi ya kuzitafsiri sheria iko mbele ya wataalamu wetu wa sheria na wa lugha pamoja, na wakati wa kuyachagua maneno ni kabla hayajapigwa chapa, maana neno likiisha kuingia katika sheria na hukumu, kulitoa ni kazi ya miaka mingi.